Anza na Taarifa ya Miamala: Njia Rahisi za Kutunza Mazingira Bila Kuumiza Mfuko

Mara nyingi tukisikia kuhusu kutunza mazingira, tunafikiria magari ya umeme na nyumba zenye sola paa zima. Tunaona ni mambo ya wenye pesa. Lakini kwa familia nyingi hapa Kenya, mazingira yako karibu zaidi: kwa mkebe wa makaa wa jioni, tokeni ya stima, maji ya mtungi na boda ya kwenda sokoni.

Na kama unalipia vitu hivi kwa simu, tayari una rekodi yake. Fungua taarifa ya miamala yako ya mwezi uliopita, chukua kalamu, na ujumlishe ulichotumia kwa kila kimoja. Usibadilishe kitu kwanza. Angalia tu. Ile pesa inayotoka kila siku kidogo kidogo ndiyo ya kushughulikia, kwa sababu mara nyingi panapovuja pesa ndipo panapopotea pia miti, maji na mafuta.

1. Makaa: kidogo cha kila siku ni kingi cha mwezi

Tuseme unanunua makaa ya shilingi 100 kila siku. Kwa siku 30 hiyo ni shilingi 3,000. Weka bei ya mtaa wako, kisha ulinganishe na gharama ya kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6. Ukishajaza, andika tarehe kwenye mtungi ili ujue unadumu siku ngapi nyumbani kwako. Hapo utapata jibu lako mwenyewe, si la jirani.

Shida ya wengi si bei ya kujaza gesi. Shida ni pesa ya kuanzia: mtungi wenyewe na kichomeo chake, vyote kwa mpigo. Ndiyo maana mtu huendelea kununua makaa ghali ya rejareja mwaka mzima. Dawa yake ni akiba ndogo yenye jina. Ukiweka shilingi 50 kila siku, baada ya siku 60 una shilingi 3,000. Fungua akiba ya pekee kwenye simu, uiite "Gesi", na usiichanganye na pesa ya matumizi. Kabla ya kuanza, angalia kama kuna ada kila unapoweka. Kama ipo, weka mara moja kwa wiki.

Gesi nayo si safi kabisa, kwani hutoka kwenye mafuta na gesi ya chini ya ardhi. Lakini haihitaji mti kukatwa, na mpishi havuti moshi.

Kama bado unatumia makaa, kuna nafuu hata leo:

- Tumia jiko lenye udongo ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Linashika joto na kula makaa machache kuliko jiko la bati tupu.
- Loweka maharagwe na mahindi ya githeri usiku kucha. Yataiva haraka zaidi.
- Funika sufuria. Joto linalotoka na mvuke umeshalilipia.
- Usiwashe wala kulaza jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa, hata kukiwa na baridi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

2. Stima: soma uniti, si shilingi peke yake

Sehemu kubwa ya stima ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji ya mabwawa ya Mto Tana, na upepo wa Turkana. Kwa hivyo kupika kwa umeme hapa kwetu ni kati ya njia safi kabisa. Sufuria ya umeme ya presha yenye wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kukatika hutumia uniti moja. Kwa kweli hutumia chini ya hapo, kwa sababu presha ikishapanda inajizima na kujiwasha yenyewe. Linganisha bei ya uniti moja na makaa unayotumia kuchemsha maharagwe.

Kwa taa, hesabu ni hii. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku hula uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga karibu sawa, hula uniti 1.35. Badilisha kwanza ile inayowaka muda mrefu zaidi, nyingine zifuate.

Usifute ule ujumbe wa tokeni. Unaonyesha uniti ulizopata na tarehe. Zikiisha haraka kuliko kawaida, kuna kitu nyumbani kinakula stima, au kuna mtu ameunganisha waya.

3. Maji: pima mfereji unaovuja

Weka beseni chini ya mfereji unaodondoka usiku mmoja, kisha asubuhi upime. Ukipata lita 10, kwa mwezi hiyo ni lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20. Piga hesabu kwa bei ya mtungi kwenu, halafu uone kama fundi bado ni ghali. Maji ya kusuuza nguo nayo yanaweza kudeki nyumba kabla ya kumwagwa.

4. Safari na sokoni

Hesabu safari fupi za boda ulizolipia mwezi huo. Zile za kufika mwisho wa barabara tu, jaribu kutembea. Safari tatu za sokoni kwa wiki zinaweza kuwa moja, kama umeandika orodha kabla ya kutoka.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini mifuko mingine ya bei rahisi nayo hutupwa baada ya siku moja. Beba kiondo au mfuko wako ukienda kwa mama mboga. Maganda ya mboga usiyachanganye na takataka nyingine. Yakioza ni mbolea nzuri ya sukuma wiki, hata zile za kwenye gunia.

Kabla ya kulipia sola kwa awamu

Sola ya lipa pole pole imewasaidia wengi kuachana na taa ya mafuta. Lakini piga hesabu yote. Shilingi 50 kwa siku kwa mwaka mmoja ni shilingi 18,250, mbali na malipo ya kwanza. Uliza bei ya pesa taslimu, uliza dhamana ni ya muda gani, na uliza kitatokea nini usipolipa siku kadhaa, maana vifaa vingi hujifunga vyenyewe.

Na ukipata ujumbe kwamba "umechaguliwa" kupewa sola au jiko la bure ukituma ada ya usajili, usitume. Angalia jina la anayepokea kabla ya kuthibitisha malipo yoyote, na usimpe mtu PIN yako, hata akisema anatoka kwetu. Sisi hatuiulizi.

Wiki hii chagua kimoja tu: kile kilichokula pesa nyingi kwenye taarifa yako. Mwezi ujao fungua taarifa tena na uweke zote mbili pamoja. Tofauti ukiiona kwa shilingi, hutahitaji kukumbushwa kuendelea.