Chiriku Anapotaga Katika Baridi ya Meru

Mwaka tuliohama Mombasa kwenda Meru kwa ajili ya kazi ya baba watoto, kijana wetu wa pili alikataa katakata kuliacha nyuma tundu lake la chiriku. Walikuwa wawili, dume na jike, wa ile aina ndogo yenye asili ya Australia, mdomo mwekundu na milia myembamba kifuani mwa dume. Pwani walikuwa wakitaga na kuangua bila taabu. Lakini asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa umeufunika mji tangu alfajiri, tulimkuta jike amejikunyata sakafuni mwa tundu, manyoya yamemtutumka, mkia ukitikisika kila avutapo pumzi. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Yai lilikuwa limemkwama tumboni.

Mtoto akaniuliza, "Mama, ni sisi tuliomuua?" Sikuwa na jibu jepesi.

Tunajua katika mafundisho yetu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimliwaza mtoto Abu Umayr kwa habari ya kindege chake, wala hakumkataza kukifuga. Wanavyuoni wakapata humo ruhusa ya kufuga ndege. Lakini tunajua pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia. Hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Basi ruhusa ile ina sharti lake. Ndege wa porini huchagua mwenyewe majira ya kutaga, huota jua na kuokota anachokihitaji. Wa tunduni hana ila kile tunachompa.

Kwa nini yai hukwama

Ganda la yai hujengwa kwa chokaa itokayo katika chakula, na ikipungua huchukuliwa katika mifupa ya mama. Misuli isukumayo yai nayo huihitaji chokaa hiyo hiyo. Jike aliyepungukiwa, aliye mchanga mno, aliyechoka kwa kutaga mfululizo, au aliyepigwa na baridi, hukosa nguvu za kulitoa. Miji ya Meru na Embu iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na tangu Juni hadi Agosti huwa na mawingu, manyunyu na baridi. Hayo ndiyo tuliyoyapuuza sisi watu wa pwani.

Ukimwona jike katika hali ile, usimminye tumbo, kwani yai huweza kupasukia ndani. Mtenge mahali patulivu, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa kando ya tundu apate joto, kisha mtafute daktari wa mifugo bila kungoja jioni.

Chakula cha uzazi

Nyanda za chini za Mbeere na Tharaka hulima mawele, wimbi na mtama. Mawele na wimbi ndizo punje ndogo zinazomfaa chiriku. Nunua nafaka ya kuliwa, kamwe si mbegu ya kupanda iliyotiwa dawa, na uitupe yenye harufu ya uvundo. Nafaka peke yake haitoshi. Mpe yai la kuchemsha lililopondwa, hasa makinda wanapoanguliwa, na liondoe baada ya saa chache lisioze. Mpe majani ya sukuma wiki yaliyooshwa vizuri.

Kwa chokaa, maganda ya mayai ya kuku yachemshwe, yakaushwe na kusagwa. Nasi wa pwani tuna hazina nyingine: kile kifupa cheupe cha ngisi kitupwacho na mawimbi ufukweni. Kiloweke kwa siku kadhaa, ukibadilisha maji ili chumvi itoke, kianike juani, kisha kitundike tunduni. Siku hizi wageni wetu kutoka Mombasa hutuletea pamoja na halua.

Jihadhari na parachichi. Huko Meru na Embu limejaa kila shamba, na watoto hupenda kugawana na ndege wao. Lakini kwa ndege ni sumu iwezayo kuua.

Joto, jua na hewa

Chokaa haifanyi kazi vyema mwilini bila vitamini D, ambayo jua humsaidia ndege kuipata. Jua lipitalo kwenye kioo cha dirisha halitoshi. Mtoe nje asubuhi, mahali pasipo upepo wala paka, na sehemu ya tundu iwe na kivuli. Usiku lifunike kwa kitambaa, ukiacha nafasi ya hewa.

Mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika. Usimweke jikoni penye moshi wa makaa, wala usifukize udi chumba alimo, wala usipulize dawa ya mbu karibu naye. Mvuke wa kikaango kisichogandisha kilichopita kiasi cha moto huua ndege kwa dakika chache.

Siku za makinda

Jike hutaga mayai 4 hadi 6, moja kila siku. Wazazi hupokezana kuatamia kwa siku 12 hadi 14 hivi. Makinda hutoka kiotani wakiwa na majuma matatu hivi, lakini huendelea kulishwa na wazazi. Wasitengwe kabla ya majuma matano au sita. Maji yabadilishwe kila siku, na watoto wanawe mikono kila waligusapo tundu. Kiota kiwe cha nyasi kavu au makumbi mafupi, kwani nyuzi ndefu hunyonga miguu ya makinda.

Jike asizae kabla ya miezi 6, na mara 2 au 3 kwa mwaka zamtosha. Baadaye kiondoe kiota, na ikibidi mtenge na dume, apumzike.

Wala usinunue chiriku walionaswa porini kwa ulimbo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na huenda jike yule aliyenaswa ameacha makinda wenye njaa kiotani.

Tulipata jike mwingine, tukangoja. Januari iliyofuata, jua likiwa kali na anga safi, makinda wanne waliruka kutoka kiotani. Tangu hapo kila mwisho wa Mei, kabla baridi haijaingia, kijana wetu hukitoa kiota mwenyewe, akakiosha na kukiweka kabatini. Hangoji kukumbushwa.