Sheria za umri mitandaoni: Mkulima na mwenye duka wajiandae vipi?

Si jambo geni siku hizi kumpata mfugaji wa kuku akipokea oda za mayai kwa simu, ilhali ukurasa wa biashara hiyo mtandaoni ulifunguliwa na mwanawe aliye shule ya upili. Mzazi ndiye mwenye mali, mtoto ndiye mwenye nywila.

Mpango huo umewafaa wengi, kwa kuwa vijana ndio wanaoielewa mitandao zaidi. Hata hivyo, huenda ukavurugwa na sheria ambazo nchi mbalimbali zinatunga kuzitaka kampuni za mitandao zithibitishe umri wa wanaozitumia.

Lengo la sheria hizo ni kuwakinga watoto dhidi ya picha chafu, kamari na walaghai wanaowanyemelea. Awali ilitosha mtu kuandika tarehe ya kuzaliwa, hata ya uongo, na mlango ukafunguka. Sasa kampuni inatakiwa kuhakikisha kwamba anayedai kuwa mtu mzima ni mtu mzima kweli.

Kazi hiyo hufanywa kwa njia kadhaa. Kuna wanaoitisha picha ya kitambulisho, kuna wanaotumia kamera ya simu kukadiria umri kwa kutazama uso, na kuna wanaotegemea taarifa za benki au za kampuni ya simu.

Australia yatangulia

Australia ilipitisha sheria yake Novemba 2024, nayo ikaanza kutekelezwa Desemba 10, 2025. Mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao kama Facebook, Instagram, TikTok, YouTube, Snapchat na X. Kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini ya hadi dola 49.5 milioni za nchi hiyo. Mtoto mwenyewe na mzazi wake hawaadhibiwi.

Nchini Uingereza, Sheria ya Usalama Mtandaoni ya 2023 ilianza kuuma Julai 25, 2025, siku ambayo tovuti zenye picha za ngono na mambo mengine yanayowadhuru watoto zilitakiwa kuthibitisha umri wa kila anayeingia. Faini huko ni hadi pauni 18 milioni au asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote, ikitegemea kiasi kipi ni kikubwa.

Mfanyabiashara wa Karatina au Bungoma anaweza kusema hayo ni ya huko ng'ambo. Lakini mitandao anayotumia kutangaza viazi na maziwa ya mgando ni hiyo hiyo, na mitambo ya kupima umri ikishaundwa kwa ajili ya nchi moja, si vigumu kuipeleka nchi nyingine.

Isitoshe, Kenya ina sheria zake.

Sheria ya Kenya yasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 33, inakataza mtu yeyote kutumia data za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi. Kifungu hicho kinamtaka anayekusanya data hizo awe na njia ifaayo ya kuthibitisha umri na kupata idhini. Njia hiyo hupimwa kwa teknolojia iliyopo, wingi wa data na madhara yanayoweza kumpata mtoto. Mtoto, kwa mujibu wa Katiba, ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18.

Aidha, Aprili 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA) ilitoa mwongozo wa kuwalinda watoto mtandaoni, ambao pia unahimiza uthibitishaji wa umri. Kampuni za sekta hiyo zilipewa miezi sita kuutimiza.

Wengi hudhani sheria ya data ni ya mabenki na kampuni za simu pekee. Ni kweli kwamba biashara yenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, ingawa kazi kama za hoteli, uchukuzi na mikopo hazimo katika msamaha huo. Lakini kusamehewa kujisajili si kusamehewa kuitii sheria.

Mnamo Septemba 2023, shule moja ya eneo la Uthiru ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Haikuwa kampuni kubwa ya mitandao.

Funzo hapo ni kwa muuza nguo za watoto anayempiga picha mwana wa mteja na kuitundika mtandaoni, na kwa mkulima anayealika wanafunzi kuzuru shamba lake kisha akatumia picha zao kama tangazo. Idhini ya mzazi itafutwe kwanza, na iwe kwa maandishi.

Akaunti ya duka ni ya nani?

Hatari ya kwanza kwa mwenye biashara ndogo ni kupoteza ukurasa wake. Facebook na TikTok haziruhusu akaunti ya aliye chini ya miaka 13, na TikTok humtaka anayerusha video za moja kwa moja awe ametimiza miaka 18. Anayenadi viatu au miche kwa video hizo kupitia akaunti ya mwanawe wa miaka 15 amejenga kibanda kwenye hifadhi ya barabara. Siku ya kubomolewa hana wa kumlaumu.

Akaunti ikifungwa, wateja waliokusanywa kwa miaka mitatu hutoweka kwa siku moja, pamoja na oda ambazo hazijajibiwa.

Dawa yake haina gharama. Akaunti ifunguliwe kwa jina, namba na tarehe halisi ya kuzaliwa ya mtu mzima. Ukurasa wa Facebook unaweza kuwa na wasimamizi kadhaa, hivyo mzazi aongezwe akiwa na mamlaka kamili kabla mambo hayajaharibika. Nao wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Namba za wateja wa kudumu ziandikwe mahali pengine, na daftari hilo lisiachwe kaunta kila mtu akilipekua.

Mtego wa vitambulisho

Hatari ya pili huwapata wanaotaka kuitii sheria kupita kiasi. Ili kumtambua mtoto mmoja, ni lazima watu wazima wote waulizwe umri pia. Mwenye duka anayeuza kupitia tovuti au programu ya simu anaweza kuona heri aitishe nakala ya kitambulisho kutoka kwa kila mteja na kuzihifadhi.

Nakala hizo ni kama dawa ya kunyunyizia mimea iliyowekwa jikoni. Oktoba 2025, kampuni ya Discord ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watu wapatao 70,000 huenda zilifikiwa na wadukuzi kupitia kampuni ya nje iliyokuwa ikiihudumia. Picha hizo zilikuwa zimetumwa katika kushughulikia masuala ya umri.

Nchini Kenya, data zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, sheria inataka Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika Sh5 milioni, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ikitegemea kiasi kipi ni kidogo.

Kwa hivyo, anayeuza unga, mbegu au mayai hana sababu ya kumuuliza mteja umri. Jina, namba na mahali pa kupeleka mzigo vyatosha.

Anayeuza pombe ndiye anayepaswa kuwa macho, kwani sheria ya vileo ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Malipo kwa simu hayathibitishi lolote, kwa kuwa mtoto anaweza kutumia simu ya babake. Mhudumu wa bodaboda aagizwe kukitazama kitambulisho mlangoni, akirudishe papo hapo, wala asikipige picha. Asiye nacho, mzigo urudi dukani.

Kurudisha mzigo ni hasara ya nauli ya siku moja. Kuhifadhi nakala 1,000 za vitambulisho kwenye simu inayoweza kuibwa katika matatu ni hasara inayosubiri siku yake.