Uso wa Sita ni Mtoto wa Nani?

Tuchukue bamba la chuma lililosanifiwa kwenye kompyuta: urefu milimita 60, upana 40, unene 10. Uso wake wa juu una tundu la skrubu, na kingo zake zimeviringishwa ili zisimkate mtu mkono. Msanifu anagundua kwamba bamba likifungwa mahali pake kona moja itagonga bomba, kwa hiyo anarudi kwenye mchoro wa kwanza na kuikata kona hiyo. Kompyuta inalijenga umbo upya. Tundu limehamia ubavuni, mviringo umeuacha ukingo wake na kukaa kwenye ukingo mwingine, na katika orodha ya hatua alama nyekundu imewaka kwenye hatua ya nane. Wengi hapo huifungua hatua ya nane na kuanza kuhangaika nayo: wanaifuta, wanaichora tena, na likija badiliko jingine inavunjika upya. Saa nyingi hupotea namna hii, na hupotea bure kwa sababu hatua ya nane haina hatia. Katika programu za usanifu wa parametriki kosa huzaliwa mahali pamoja likalia mahali pengine, na anayetaka kulitibu hana budi kuusoma ukoo wa umbo kuanzia babu hadi kitukuu.

Parameta ni kipimo kinachoweza kubadilishwa na umbo zima likakifuata. Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha programu ya Sketchpad, ambamo mchoraji aliweza kuamuru mistari miwili iwe sambamba au ilingane urefu, na mashine ikatii hata mchoro ulipovutwa huku na huku. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Parametric Technology Corporation ilileta sokoni Pro/ENGINEER, iliyolihamishia wazo hilo kwenye maumbo yenye ujazo. SolidWorks ilitoka mwaka 1995, na FreeCAD, ambayo yeyote anaweza kuipakua bila malipo, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Zote zinahifadhi kwenye faili maelekezo ya kulijenga bamba: chora mstatili, unyanyue kwa milimita 10, weka mchoro mwingine juu ya uso uliopatikana, toboa, viringisha kingo. Ukibadilisha namba katika hatua ya pili, mashine huzirudia hatua zote zilizo chini yake, moja baada ya nyingine. Inapolijenga umbo upya haitazami lilivyoonekana jana. Inafuata amri tu. Nguvu ya programu hizi imo humo, na maradhi yake yamo humo humo.

Ugonjwa unaosumbua kuliko yote ni wa majina. Amri inayosema "weka mchoro juu ya uso" lazima itaje uso upi, na nyuso hazizaliwi na majina. FreeCAD hufanya hesabu zake za maumbo kwa kutumia kiini kiitwacho Open CASCADE, na kiini hicho huzipa sehemu za umbo namba za mfuatano: uso wa 1, uso wa 2, ukingo wa 7. Bamba letu la mwanzo lina nyuso 6, kingo 12 na vilele 8. Likikatwa kona moja linakuwa na nyuso 7, kingo 15 na vilele 10. Kanuni ya Euler bado inatimia, kwani ukitoa kingo kwenye vilele kisha ukajumlisha nyuso, unapata 2 kabla na baada ya kukata. Lakini namba zimegawiwa upya. Uliokuwa uso wa 6 sasa huenda ni wa 7, na aliyeketi kwenye namba 6 ni ubavu. Amri ya kutoboa, ambayo haijui chochote ila "uso wa 6", inatekelezwa kwa utii kamili mahali pasipohusika. Ni sawa na kumtambua mtu kwa nafasi yake kwenye foleni: akiingia mmoja mbele, barua zote zinakwenda kwa watu wengine.

Jamii zetu zililitatua tatizo hili zamani, kwa watu. Anayeitwa Ali bin Juma bin Hamisi anabaki huyo huyo popote atakaposimama, kwa sababu jina lake limebeba nasaba. Watafiti wa jiometri ya kompyuta walifikia mahali hapo hapo katika miaka ya 1990, miongoni mwao Jiri Kripac, na pia Vasilis Capoyleas, Xiangping Chen na Christoph Hoffmann. Kiini cha kazi zao ni kuupa uso jina kutokana na asili yake: huu ni uso uliozaliwa na mstari fulani wa mchoro wa kwanza uliponyanyuliwa, ukapakana na nyuso fulani, ukapunguzwa na hatua ya tatu. Programu za kibiashara zilitangulia kujenga mifumo ya namna hiyo ndani yake. FreeCAD ilichelewa, na watumiaji wake walivumilia miaka mingi hadi toleo la 1.0 la Novemba 2024 lilipoleta majina yenye nasaba. Kazi hiyo inastahili heshima kubwa: imewapunguzia mateso watu wengi wasioweza kulipia leseni za programu ghali.

Tabia hiyo hiyo ya kosa kulia mbali na lilikozaliwa inaonekana kwenye michoro bapa, ambako hakuna nyuso wala foleni. Kila mstari mnyoofu una uhuru wa namna nne, maana ncha zake mbili zinaweza kwenda kushoto na kulia, juu na chini. Mistari minne ya mstatili ina uhuru 16. Ukiunganisha ncha kwenye kona nne, kila kona inakula 2, zinabaki 8. Ukisema miwili ilale na miwili isimame wima, zinabaki 4: upana, kimo, na mahali pa mstatili kwa mlalo na kwa wima. Kila sharti zuri linapunguza uhuru bila kurudia lililokwisha kusemwa. Sasa mtu aongeze sharti kwamba pande mbili zinazotazamana zilingane. Linaonekana la busara, lakini tayari lilikuwa kweli kwa sababu ya kulala na kusimama, hivyo programu inalilalamikia kuwa ni la ziada. Mtu huyo huyo akiweka upana 60 juu na 61 chini, masharti yanagombana na hakuna mchoro unaoweza kuyatimiza yote. Katika visa vyote viwili onyo hulipuka wakati wa kuweka sharti la mwisho, na mgeni hulifuta hilo la mwisho, ingawa pengine lilikuwa ndilo sahihi na lililokosewa liliwekwa nusu saa kabla. Njia ya kweli ni kuvuta kona za mchoro kwa kipanya na kutazama kinachosogea na kinachogoma, kisha kuuliza kila sharti linazuia nini ambacho jingine halijazuia. Rangi nazo zinasaidia: FreeCAD, isipobadilishwa mipangilio, huonyesha mchoro uliofungwa barabara kwa kijani, na SolidWorks huugeuza kutoka buluu kuwa mweusi.

Kuviringisha kingo ni somo jingine. Ubavu wa bamba letu una kimo cha milimita 10. Tukiviringisha ukingo wa juu na wa chini kwa nusukipenyo cha milimita 4, kila mmoja unakula milimita 4 za ubavu na katikati zinabaki 2. Akija mtu akapunguza unene uwe milimita 8, miviringo miwili inakutana na ubavu wenyewe unatoweka: upana wake ni sifuri. Open CASCADE mara nyingi hushindwa hapo, na alama nyekundu huwaka kwenye mviringo ambao haujaguswa na mtu. Kuna dawa inayosambazwa kwa siri kama hirizi: andika 3.999 badala ya 4. Inafanya kazi, nami siipendi hata kidogo. Inaacha ukanda wa ubavu wenye upana wa milimita 0.002, mwembamba kuliko unywele, ambao mashine ya kukata haiwezi kuutengeneza na ambao utakuja kuvuruga hatua inayofuata, kwa kuwa kiini kinauona kuwa ni uso halali. Kinachofaa ni kuamua kama ubavu ule unatakiwa kuwepo. Ukitakiwa, nusukipenyo kiandikwe kama sehemu ya unene, tuseme theluthi yake, ili bamba likipungua nacho kipungue. Usipotakiwa, nusu duara ichorwe tangu mwanzo.

Kwa hiyo mtu aliye mbele ya umbo lililovunjika aanze na alama nyekundu iliyo juu kabisa kwenye orodha, kwa sababu zilizo chini yake huenda zimeumwa na hiyo. Kosa lisilotoa alama yoyote, kama tundu lililohama kimyakimya, ni la hatari zaidi, maana linaweza kufika kiwandani. Hilo linasakwa kwa kugawa nusu kwa nusu. Rudisha umbo hadi katikati ya historia yake: likiwa zima hapo, kosa liko nusu ya chini, likiwa limeharibika, liko nusu ya juu. Umbo lenye hatua 64 linahitaji mgawanyo wa mara 6 tu. Na kabla ya kulikabidhi kwa mwingine, vipimo vyake vikuu vitikiswe kwa nguvu, 60 iwe 90 kisha 45, ili kinachoning'inia vibaya kianguke mbele ya aliyekitundika.

Wapo watakaosema hii ni kumtwisha mtumiaji mzigo wa programu. Lawama hiyo ina ukweli kwa upande wa majina: kumwambia msanifu ajifunze kukwepa namba za kiini ilikuwa kumwomba radhi kwa kazi ambayo haijamalizika, na waandishi wa FreeCAD wenyewe walilikubali hilo kwa kuifanya kazi. Wengine wanapendekeza kuiacha historia kabisa. Programu za kuhariri umbo moja kwa moja zipo. Siemens ilitangaza mbinu yake ya aina hiyo mwaka 2008, na kwa faili za STEP, za kuhamishia maumbo kati ya programu, ambazo kwa kawaida hufika bila hatua zake, ndiyo njia bora ya kufanya kazi. Shika uso, uvute, basi. Lakini anayetengeneza bamba hilo hilo kwa saizi kumi atavuta nyuso zile zile mara kumi, na atakapokosea mara ya saba hapatakuwa na namba moja ya kusahihisha.

Pingamizi zito kuliko hayo linahusu ushauri unaotolewa na karibu kila mkufunzi: michoro itundikwe kwenye mabapa matatu ya asili, yanayokuwepo kabla ya umbo lolote na ambayo hayabadiliki kamwe, badala ya kutundikwa kwenye nyuso zilizozaliwa njiani. Mtu anaweza kuuliza: je, tundu likiwa limetundikwa kwenye bapa la asili, litajuaje kwamba unene umeongezeka? Nia ya msanifu ilikuwa tundu liwe juu ya bamba, na bapa la asili halijui bamba liko wapi. Swali hilo ni la haki, na anayeshika ushauri ule kama amri ya dini atazalisha maumbo yaliyokufa ganzi. Jibu liko kwenye namba yenyewe. Unene upewe jina, uandikwe mara moja kwenye lahajedwali la programu, na mchoro wa tundu uinuliwe kutoka bapa la asili kwa unene huo huo. Unene ukipanda, uso na mchoro vinapanda pamoja, kwa kuwa vyote viwili vinamsikiliza baba mmoja, na hakuna kinachohitaji kumtambua mwenzake kwa sura. Muda wa kuchagua bapa ni ule ule wa kuchagua uso, kwa hiyo hata anayeogopa kwamba kupanga kutamchelewesha hapotezi kitu.

Hata majina yenye nasaba yana mahali yanapokwama. Msanifu apitishe mfereji katikati ya uso wa juu, kutoka ukingo hadi ukingo. Uso mmoja unakuwa miwili, pacha wa mzazi mmoja, na kila mmoja ana haki sawa ya jina la marehemu. Mchoro uliokuwa juu ya uso ule sasa ni wa pacha yupi? Programu inaweza kuchagua kwa kanuni fulani, mathalani wa kwanza, au mkubwa kwa eneo, na mara moja ikapatia, mara nyingine ikakosea, kwa sababu jibu halimo kwenye jiometri. Limo kichwani mwa aliyetaka tundu, naye alisema "uso wa juu" siku ambayo uso wa juu ulikuwa mmoja. Tundu lililopimwa kutoka bapa la asili, milimita 15 toka kushoto na 20 toka mbele, linabaki pale pale, mfereji upite au usipite.