Nyimbo za Dunia Mbele ya Madhabahu

Kwetu sisi mipaka ya muziki inajulikana. Kwaya iko kanisani, dansi liko ukumbini, taarabu iko harusini, na mwanamuziki akivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili hutangazwa kuwa ameokoka au amerudi nyuma. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia kwamba huko Marekani kuna makanisa ambayo Ijumaa jioni hufungua milango, hutoza kiingilio, na kumsimamisha mbele mtu mwenye gitaa aimbe habari za mke aliyemkimbia na chupa aliyoshindwa kuiacha, haraka huuliza: je, hiyo ni injili au ni biashara?

Si injili. Na biashara yenyewe, kama tutakavyoona, ni ndogo kiasi cha kutia huruma.

Tuchukue mji wa Marblehead, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Massachusetts, kaskazini ya Boston. Pale, katika kanisa la madhehebu ya Unitarian Universalist, kuna maonyesho ya muziki yaitwayo me&thee, yaliyoanza mwaka 1970. Hakuna pombe. Kuna kahawa, chai na keki. Wanaopanga viti, wanaokata tiketi na wanaofagia baada ya watu kuondoka ni watu wa kujitolea. Mwimbaji huja na gitaa lake, pengine na mwenzake mmoja wa fidla, na huimba nyimbo alizozitunga mwenyewe. Mahali pa namna hii papo pengi katika majimbo yale ya kaskazini-mashariki.

Waimbaji hawa ni watu wa namna gani? Wengine huitwa wa foku, yaani wenye kufuata nyimbo za kienyeji za wakulima, mabaharia na vibarua; wengine huitwa wa kantri, muziki wa mashambani ambao wengi wetu tunaujua kwa sauti ya Jim Reeves. Mpaka baina yao ni mwembamba. Wote hutunga hadithi fupi yenye mtu, mahali na tukio, na wote wanataka maneno yasikike. Sifa hii ya mwisho tuishike, maana ndiyo inayowapeleka kanisani.

Wala tusidhani kwamba jambo hili liko mbali nasi. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kenya wakiimba kumhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Chemirocha huyo hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi, ambaye santuri zake zilikwisha kufika vijijini na jina lake likapinda katika vinywa vya watu. Na safari ilikwenda upande wa pili vilevile: Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Tracey huyo huyo mwaka 1952 akipiga "Masanga", alialikwa kwenye tamasha la foku la Newport, Marekani, mwaka 1969. Mtu mmoja, gitaa moja, na Kiswahili cha Katanga.

Turudi kanisani. Nyimbo hizi hazikuwa wageni humo hata siku ya kwanza. Kati ya tarehe 25 Julai na 5 Agosti mwaka 1927, mfanyabiashara wa santuri aitwaye Ralph Peer aliweka mitambo yake katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, akawaita watu wa milimani waje kuimba. Walikuja akina Carter: A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, mke wa nduguye A.P. Jimmie Rodgers naye alirekodiwa hapo hapo. Akina Carter walilelewa katika nyimbo za makanisa ya vijijini, na sauti zao zilipangwa kama za kwaya. A.P. alizunguka milimani akikusanya nyimbo kwa majirani, mara nyingi akifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi aliyeweza kushika tuni akiisikia mara moja. Nyimbo nyingi walizozikusanya ziliandikishwa baadaye kwa jina la A.P. Carter. Riddle hakupata jina wala fungu. Hapo tayari pana swali la nani mwenye wimbo, nalo litaturudia.

Hata jengo kuu la muziki wa kantri duniani lilianza kuwa nyumba ya Mungu. Mwaka 1885 nahodha mmoja tajiri wa Nashville, Thomas Ryman, aliongoka kwa mahubiri ya Sam Jones, akaamua kujenga mahali ambapo muhubiri huyo angekuwa na dari juu ya kichwa chake. Jengo lilikamilika mwaka 1892. Baada ya Ryman kufariki mwaka 1904 likaitwa kwa jina lake, na tangu mwaka 1943 hadi 1974 kipindi maarufu cha redio, Grand Ole Opry, kilirushwa kutoka humo, wasikilizaji wakikaa juu ya mabenchi ya mbao ya ibada. Hank Williams aliimba humo kwa mara ya kwanza kwenye kipindi hicho Juni 1949. Wanamuziki waliotaka kulowanisha koo walitokea mlango wa nyuma na kuvuka kichochoro hadi baa ya Tootsie's. Mpaka kati ya madhabahu na glasi, basi, ulikuwa upana wa kichochoro. Jengo lilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1994, na hadi leo watu hukaa juu ya mabenchi.

Sasa, kwa nini kanisani na si baa? Sababu ya kwanza ni sikio. Kanisa la zamani lilijengwa kabla ya spika kuwapo. Dari ni la juu, kuta ni ngumu, na sauti ya mtu mmoja ikigonga ukuta hurudi na kujiongezea uzito. Ukipiga ngoma na magitaa ya umeme humo, mwangwi wa pigo la kwanza hukutana na pigo la tatu, na yote huwa kelele tupu. Lakini sauti moja na gitaa lisilo na umeme hupata nafasi: neno hutoka, hutulia, ndipo lingine hufuata. Isitoshe, watu wakishakaa kwenye mabenchi yaliyoelekea upande mmoja, hunyamaza wenyewe. Mwimbaji wa baa hushindana na vikombe, televisheni na mlevi wa kona; wa kanisani hashindani na mtu.

Mfano ulio bora wa jambo hili ni wa Canada. Tarehe 27 Novemba 1987, kikundi cha Cowboy Junkies kiliingia katika kanisa la Holy Trinity mjini Toronto na maikrofoni moja tu. Wapigaji walipangwa kuizunguka, mwenye sauti kubwa akasogezwa mbali, mwenye sauti ndogo karibu, na jengo lenyewe likafanya kazi iliyobaki. Humo walirekodi nyimbo zao pamoja na wimbo wa Hank Williams, kwa siku moja. Sahani ile, "The Trinity Session", iliwafanya wajulikane duniani. Ili wasikataliwe, walijitambulisha kwa wenye kanisa kwamba wao ni kikundi cha familia kinachotayarisha kipindi cha redio cha Krismasi. Ujanja wa mjini haukuanza Kariakoo!

Walikuwa na sababu ya kuhofu kukataliwa? Wiki tatu kabla, tarehe 5 Novemba mwaka huo huo, Vatikani ilitoa waraka kuhusu matamasha makanisani. Waraka ulisema kwamba kanisa si ukumbi wa hadhara. Muziki usio wa dini, hata uwe mzuri namna gani, utafutiwe mahali pengine. Na palipo na tamasha la muziki mtakatifu, kiingilio kiwe bure. Holy Trinity ni la Kianglikana, si la Kikatoliki, lakini hata kanuni za Kanisa la Uingereza humtaka kasisi ahakikishe maneno na muziki vinafaa nyumba ya Mungu. Ndiyo maana maonyesho haya utayakuta zaidi kwa Waunitarian na Waprotestanti wenye mkono mlegevu, ambao husema kwamba wimbo wa kweli kuhusu huzuni ya mtu hauwezi kuwa kufuru. Binafsi naona pande zote mbili zina hoja, ila nawasikitikia Wakatoliki wapenda gitaa.

Makanisa nayo yana shida zao. Kwa takwimu za shirika la Gallup, Wamarekani waliokuwa waumini walioandikishwa kanisani, sinagogini au msikitini walikuwa asilimia 70 mwaka 1999; mwaka 2020 walishuka hadi asilimia 47. Paa huvuja bila kujali idadi ya waumini. Huko London, Union Chapel ya Islington, iliyokamilika mwaka 1877, ilinusurika kubomolewa, na tangu miaka ya 1990 matamasha yamesaidia kulitunza jengo, huku ibada zikiendelea na watu wasio na makazi wakihudumiwa humo humo.

Fedha zenyewe ni kiasi gani? Fanya hesabu nami. Watu 100 wakilipa dola 20 kila mmoja, zinapatikana dola 2,000. Kanisa linachukua fungu lake la umeme, na mwimbaji anabaki na lililo kubwa. Toa petroli, toa malazi, toa fungu la wakala. Kisha ongeza sahani chache zitakazouzwa mezani karibu na keki. Kwa mtu ambaye wimbo wake ukisikilizwa mara moja kwenye intaneti humlipa chini ya senti moja ya dola, jioni hiyo moja ni mshahara.

Bado kuna anayesubiri mlangoni: mwenye hakimiliki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inasema nyimbo za dini zikiimbwa wakati wa ibada hazidaiwi kitu. Lakini tamasha si ibada, hata likifanyika chini ya msalaba. Pia haidaiwi shughuli isiyo ya biashara ambamo mwimbaji halipwi na kiingilio hakitozwi. Akilipwa, leseni inatakiwa kutoka kwa vyama vya watunzi kama ASCAP na BMI. Wazee wa kanisa wengi hushangaa wanapoletewa ankara, hasa pale mwimbaji anapoimba nyimbo zake mwenyewe. Lakini leseni hiyo hiyo, kwa utaratibu wake, ndiyo inayotarajiwa kumrudishia mtunzi kitu.

Vyama hivyo vina historia ya uchungu. ASCAP, kilichoanzishwa mwaka 1914, kwa muda mrefu kiliwapuuza watunzi wa kantri na wa blues. Kilipotaka kuzipandishia redio malipo, redio zikaunda BMI mwaka 1939, na kuanzia Januari hadi Oktoba 1941 nyimbo za ASCAP hazikusikika kwenye mitandao mikubwa ya redio. BMI kikawafungulia mlango watunzi wa mashambani, na wengi walinufaika. Mmoja aliumia. DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, mtu mweusi na nyota wa mwanzo kabisa wa Grand Ole Opry, alikuwa na tuni ambazo watu walimpendea, nazo zilikuwa chini ya ASCAP. Alizuiwa kuzipiga, na mwaka huo huo wa 1941 akafukuzwa. Mkuu wa kipindi aliandika baadaye kwamba Bailey alikuwa mvivu wa kujifunza nyimbo mpya. Bailey alirudi kung'arisha viatu mjini Nashville, kazi iliyomlisha kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1982, na jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri mwaka 2005.