Fahamu: Haki na fidia ya aliyeumwa na mbwa

Mkazi wa Makongeni aumwapo na mbwa, la awali si daawa bali uhai: aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali bila ajizi, kwani kichaa cha mbwa, dalili zikisha kudhihiri, hakina dawa.

Halafu aarifu polisi, kwa kuwa kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humtia hatiani mwenye mnyama asiyechukua hadhari.

Ama fidia, mdai sharti athibitishe kwamba mwenye mbwa alighafilika, au aliujua ukali wake. Na akihifadhi stakabadhi za matibabu na majina ya mashahidi, aweza kudai hadi shilingi 1,000,000 katika Mahakama ya Madai Madogo, kabla ya kupita miaka 3.