Soka la joistiki: Kidole kimoja tu, mpira kambani

Shuti la kwenye soka hili halianzii mguuni. Linaanzia kidoleni, na kwa wengine linaanzia kidevuni.

Ni soka la viti vya umeme, mchezo uliozaliwa Ufaransa miaka ya 1970 kwa watu ambao ulemavu wao hauwaruhusu kukimbia wala kusukuma kiti kwa mikono. Linapigwa kwenye uwanja wa kikapu, wanne kwa wanne kipa akiwemo, wanaume na wanawake timu moja. Dakika ni 40, vipindi viwili vya 20. Mpira wenyewe ni mkubwa kuliko wa kawaida, una kipenyo cha sentimita 33.

Silaha kubwa hapa ni joistiki, kile kijiti cha kuongozea kama cha kwenye pedi ya gemu. Ukikigusa kidogo kiti kinatambaa, ukikisukuma hadi mwisho kinachomoka. Ukikilaza pembeni kiti kinajizungusha palepale, na ile kinga ngumu iliyofungwa mbele ya miguu inaufumua mpira. Hilo ndilo shuti linalowatesa makipa.

Kasi haitakiwi kuzidi kilomita 10 kwa saa, na viti hupimwa kabla ya mechi. Hakuna cha kusema jamaa kashinda kwa sababu ya mashine. Ukichelewa kidogo tu kukiachia kijiti, umeshaupita mpira, au umemvaa mpinzani na refa kapuliza filimbi.

Ndiyo maana fundi ni kama kocha wa pili. Kwa mwenye mkono unaotetemeka, anaipunguzia joistiki wepesi ili isifuate kila mtikisiko. Kwa aliyebakiwa na nguvu za kidole tu, anaifanya iitikie mguso mdogo. Wapo wenye magonjwa ya misuli yanayowamaliza nguvu mwaka hadi mwaka. Mkono ukigoma kabisa, kijiti kinahamishiwa kidevuni, na mtu anaendelea kubaki kikosini.

Na si bonanza hili. Kombe la Dunia la kwanza lilipigwa Tokyo 2007, Marekani wakabeba, wakarudia Paris 2011. Ufaransa wakajibu Florida 2017, kisha wakatetea taji Sydney 2023. Kasi iliyoruhusiwa kwa mabingwa na waliofungwa ilikuwa ileile, kilomita 10 tu.