Kinyongo: uchungu unaowekwa

Kila baada ya uchaguzi au fainali ya mpira, kauli ni ileile: aliyeshindwa ameyapokea matokeo bila kinyongo. Hasemi “bila hasira”, kwa kuwa hasira ya siku ile watu huielewa na huisamehe. Wanachokiogopa ni kile kitakachobaki hasira ikishapoa, kikakaa kimya miezi na miaka. Kiswahili kimekipa kitu hicho jina lake, na jina hilo lina historia inayostahili kujulikana.

Kinyongo kimetokana na nyongo. Neno nyongo lina maana mbili zinazokwenda pamoja: majimaji machungu ya rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano ambayo hutengenezwa na ini, na kifuko kilicho chini ya ini ambamo majimaji hayo huhifadhiwa. Yeyote aliyewahi kupasua kuku anajua tahadhari yake. Kifuko kile kikitoboka, uchungu huingia nyamani, na hata ukiosha vipi ladha haitarudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana mtu anayetoa maneno makali aliyoyaficha muda mrefu huambiwa ametapika nyongo.

Nyongo ni neno la Kibantu. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini huiita inyongo, ingawa lugha zao na Kiswahili zimetengana kwa karne nyingi. Hata hivyo, maana ya chuki haikusafiri na neno hilo kila lilipokwenda. Katika mila za Wazulu, nyongo ya mnyama wa tambiko humwagiwa mtu ili awe karibu na wahenga wake, na waganga huvaa vifuko vya nyongo vichwani kama alama ya kazi yao. Kwao kiungo hicho kina heshima na baraka. Sisi tumeshika ule uchungu wake na kuupeleka moyoni.

Njia iliyotumika inaonekana katika kiambishi. Chukua jicho, weka ki-, upate kijicho, yaani roho ya kutopenda kuona mwenzako amefanikiwa. Chukua nyongo, ufanye vivyo hivyo, upate kinyongo. Kiungo cha mwili kinageuka kuwa ugonjwa wa nafsi. Maneno haya yamekaa katika ngeli ya KI-VI, ngeli iliyobeba pia kifafa, kichocho, kifaduro na kipindupindu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba kinyongo ni maradhi. Sarufi imekwishakiweka katika wodi hiyo.

Wapo wengine waliohusisha nyongo na tabia. Wagiriki wa kale, wakifuata mafundisho ya Hippocrates na baadaye Galen, waliamini kuwa mwili unaendeshwa na majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nyongo ya manjano ikizidi, mtu huwa mkali. Nyeusi ikizidi, huwa na huzuni nzito. Ibn Sina aliendeleza elimu hiyo katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, alichokimaliza mwaka 1025. Neno la Kiarabu la nyongo ya manjano lilifika hadi pwani yetu, nasi tukapata safura, jina la ugonjwa wa minyoo na upungufu wa damu. La kigeni likabaki kwa mgonjwa kitandani, na la kwetu likashika kazi ya moyo.

Ukikipanga kinyongo na majirani zake, mipaka yake inaonekana wazi. Hasira imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya majonzi na majuto. Kwetu ni moto wa ghafla. Chuki, kutoka kitenzi chukia, inaweza kumlenga mtu ambaye hajakutenda lolote. Kisasi, kutoka neno la Kiarabu la sheria ya kulipiza, hakikamiliki bila tendo. Kinyongo kina sharti lake: lazima liwepo jambo lililotendeka, aliyetendewa alikumbuke, na asilitoe. Anaweza kukusalimia, kula nawe, hata kucheka nawe, na kinyongo kikawa palepale.

Sayansi ya mwili inaipa sitiari hii nguvu ambayo wahenga hawakuwa na vipimo vya kuihakiki. Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, lakini kifuko chake hubeba takriban mililita 30 hadi 50 tu. Kinawezaje? Hunyonya maji na kubakiza kilicho kikali. Kadiri nyongo inavyokaa, ndivyo inavyozidi kukolea, na wakati mwingine huganda ikawa mawe yanayomlaza mtu hospitalini. Jambo lililowekwa moyoni nalo hupoteza mazingira yake, sababu zake na utetezi wa upande wa pili, ukabaki uchungu mtupu.

Tazama pia vitenzi. Tunasema fulani ameweka kinyongo, au tunamwomba aondoe kinyongo. Kuweka na kuondoa ni matendo ya mtu mwenye uwezo wa kuchagua. Kwa hiyo lugha yenyewe inamwachia mwenye kinyongo mlango wa kutokea.

Lakini mlango huo usigeuzwe kuwa kamba ya kumfunga mdomo. Siku hizi neno hili linatumika vibaya: mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara akidai haki, mjane akiuliza juu ya shamba la mumewe, huambiwa waache kinyongo. Huo ni udhalimu wa pili. Anayedai waziwazi ametoa lililomo moyoni, na kinyongo ni kile kisichosemwa. Wagombanao ndio wapatanao, wanasema wahenga, na kugombana huko ni kuyasema mambo yakasikika. Kabla hujamwambia mwenzako aondoe kinyongo, muulize kwanza alitendewa nini, kisha umsikilize mpaka amalize. Na kama mkosaji ni wewe, anza kwa kurudisha kilicho chake.